Muhtasari wa Kikao Kabla ya Kikao

Kwa miaka kumi na saba karani wa baraza la mji alikuwa na siri moja, na siri yenyewe haikuwa ya wizi wala ya mwanamke. Alikuwa akiandika muhtasari wa kikao siku moja kabla ya kikao.

Msimcheke upesi. Alianza kazi kwa uaminifu kabisa, kama tunavyoanza sote. Mwaka wa kwanza alikaa pembeni ya meza kuu, kalamu mkononi, masikio wima, akaandika kila neno la kikao cha bajeti mpaka vidole vikafa ganzi. Mwaka wa pili akaanza kujiuliza, mbona maneno ni yaleyale? Mwaka wa tatu alikuwa na mafua, akaona ajirahisishie kazi, akaandaa muhtasari mapema na kuacha nafasi za kujaza. Kufika kikaoni, hakukuta jipya la kujaza. Toka hapo ikawa ndiyo mtindo. Siku moja kabla, anafunga mlango wa ofisi, anapiga chapa mambo yote kuanzia "Mwenyekiti alifungua kikao" mpaka "Kikao kilifungwa saa saba na robo", kisha anachukua penseli na kuandika pembeni vitu vidogo vya kumsaidia: hapa atakohoa, hapa atagonga meza mara mbili, hapa watacheka. Siku ya siku, kazi yake ni kufuatisha kwa kidole tu, na kusahihisha alipokosea. Kukosea kwenyewe ni kwa nadra. Mwaka juzi Mwenyekiti alikohoa mara tatu badala ya mbili, na karani aliumia moyo wiki nzima.

Sasa, katika mihtasari hiyo palikuwa na jambo moja lililorudi kila mwaka: choo cha soko. Soko la mji ule lina meza mia mbili na ushei, lina taa, lina mzani mkubwa, lina hata mlinzi mwenye filimbi. Choo halina. Anayebanwa inabidi aende mpaka stendi ya mabasi, dakika kumi kwenda, kumi kurudi, na akirudi akakuta nyanya zake zimepungua asimuulize mtu. Na fedha ya kukijenga ilikuwa inajulikana pa kuipata: ushuru wa mabango ya matangazo, maana mji umejaa mabango mpaka watu wamesahau kuta zina rangi gani. Kila mwaka diwani mmoja, nesi mstaafu, alitoa hoja hiyo. Na kila mwaka, kabla hata nesi hajaamka, karani alikuwa ameshaandika: "Uamuzi: suala hili liahirishwe hadi kikao kijacho." Ameliandika mara kumi na moja, tangu nesi alipochaguliwa.

Lingekuwa jambo la kuandika tu na kusahau, lisingemsumbua. Lakini pale sokoni, meza ya nne kutoka lango kubwa, anauza dada yake.

Dada huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki karani alikuwa na miaka saba na dada kumi na tisa, na kuanzia hapo nyanya na vitunguu vya meza ya nne ndivyo vilivyomsomesha, vikamnunulia kalamu ya kwanza na suruali ndefu ya kwanza. Suruali ilichelewa kuja, miguu ikatangulia kurefuka, na dada akambatiza jina la Kaptula. Leo karani ana mvi, miwani na wajukuu wawili, ana ofisi yenye kibao mlangoni, na dada akipita nje ya dirisha anaita tu, "Kaptula, umekula?" Ofisi nzima inasikia.

Asubuhi ya kikao, saa mbili, chai ya karani haijapoa, dada akaingia ofisini. Hakuita Kaptula. Karani akajua papo hapo kuna jambo.

"Natoka hospitali," dada alisema, akaketi bila kukaribishwa na kuweka karatasi juu ya meza. "Daktari kanigombeza kama mtoto. Figo zimeanza kuchoka. Anasema sinywi maji."

"Si unywe, dada."

"Ninywe halafu niende wapi?" Dada alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Kwani wewe hujui? Kikombe kimoja alfajiri, cha pili nikirudi nyumbani jioni. Katikati hapo mdomo unaulowesha tu. Ndivyo tunavyoishi pale, wote. Sasa daktari anataka glasi nane kwa siku. Glasi nane, Kaptula. Si nitahamia stendi."

Karani alisogeza kikombe chake cha chai pembeni.

"Kasema nichague, maji au meza. Mimi sitaki kufa. Ijumaa nakabidhi meza." Alikunja karatasi yake polepole, akairudisha kwenye mkoba. "Na wewe uliniambia wanalishughulikia."

"Wanalishughulikia, dada."

"Vizuri. Leo nakuja na wenzangu tuwaone wanavyolishughulikia. Si kikao kiko wazi kwa wananchi?"

Kilikuwa wazi. Miaka yote kilikuwa wazi, na nyuma ya ukumbi kuna benchi mbili za wananchi, ila hakuna mwananchi mwenye akili zake aliyewahi kuzikalia zaidi ya nusu saa.

Dada alipotoka, karani alibaki amekaa kama aliyemwagiwa maji. Alijua kuliko mtu yeyote kitakachotokea kikaoni saa nne, kwa sababu alikuwa nacho kwenye droo, kurasa nne, kimepigwa chapa vizuri. Dada atakaa kwenye benchi, atasikiliza, atajua kwamba lile neno "wanalishughulikia" lilikuwa uongo wa miaka kumi na moja, na Ijumaa atakunja turubai lake aende nyumbani. Karani aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ndipo mhudumu wa ofisi alipochungulia mlangoni.

"Karani, nipe ajenda nikatoe nakala. Waheshimiwa wameanza kufika."

Kwenye droo kulikuwa na mafaili mawili, la kijani na la kahawia. Karani alitoa lililomjia mkononi, macho yake yako dirishani yanamfuata dada anavyovuka barabara kurudi sokoni, akampa. Mhudumu alikwenda kwenye mashine, akatoa nakala kumi na tano za kila ukurasa, akazipanga mezani mbele ya kila kiti. Mashine ile kwa kawaida ina visa vingi, lakini siku hiyo ilifanya kazi kwa moyo wote. Hata maandishi ya penseli yalitoka meusi, safi, yanasomeka.

Ukumbi wa baraza una meza ndefu yenye kitambaa cha kijani kilichojaa alama za vikombe, feni tatu ambazo mbili zinazunguka, na vipaza sauti viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha mapambo. Mbele ya kila diwani kuna chupa ya maji. Nyuma ya ukumbi kuna choo cha waheshimiwa, chenye vigae vyeupe na sabuni, na ufunguo wake umefungwa kwenye kipande cha ubao ili asitokee mtu wa kuondoka nao mfukoni.

Karani aliingia akakuta jambo ambalo hajapata kuliona tangu aajiriwe. Madiwani wote tisa walikuwa wameinamisha vichwa, wanasoma.

Akajua. Alifungua faili alilokuja nalo ili ahakikishe, akaiona ajenda imelala humo imetulia, akalifunga. Kwenye benchi za nyuma dada alikuwa ameketi na wanawake sita wa sokoni, wamevaa aproni zao za kazi, wanazitazama zile chupa tisa za maji.

"Wanakunywa tu," mmoja alinong'ona. "Bila wasiwasi wowote."

Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa diwani mwenye nyumba za wageni. Huyu ana mabango kumi na manne mjini, likiwemo moja kwenye lango la ofisi ya baraza lenyewe, na watu walishaacha kumwita jina lake, wanamwita Mabango. Alisoma kwa sauti, taratibu.

"'Mheshimiwa mwenye nyumba za wageni alisema ushuru wa mabango utaua biashara, na kwamba yeye binafsi hana maslahi yoyote katika suala hili.' Halafu hapa pembeni pana maandishi ya penseli. 'Atagonga meza mara mbili.'" Alivua miwani. "Mimi? Mbona sijasema kitu? Hata sijafungua maji yangu."

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye kupenda mambo yaende yaishe watu wakale. Alimgeukia karani na kumpa njia ya kutokea, tena njia pana.

"Bwana karani, bila shaka huu ni muhtasari wa mwaka jana. Umechanganya mafaili, na tarehe imekosewa kidogo. Sema hivyo, tugawiwe ajenda, tuendelee."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Maneno mawili tu, "ndiyo, Mheshimiwa", na kila kitu kirudi kama kilivyokuwa: kazi yake, pensheni yake iliyobakiza miaka minne, kibao chake mlangoni. Na Ijumaa ya dada yake. Karani alisimama. Midomo ilijiandaa yenyewe kusema ndiyo, imezoea.

"Kaptula," sauti ilisema kutoka benchi la nyuma. Haikuwa ya ukali. Ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikiuliza, zamani zile, ni nani kamaliza sukari. "Sema kweli."

Madiwani tisa waligeuka kumtazama huyo Kaptula ni nani.

"Ni wa leo, Mheshimiwa Mwenyekiti," karani alisema. "Nimeuandika jana. Wa mwaka jana nao niliuandika siku moja kabla ya kikao, na wa mwaka juzi, miaka kumi na saba sasa. Na kila mwaka mmeletewa mkaupitisha. Hakuna aliyelalamika kwamba nimekosea. Kasoro ni moja tu, ulikohoa mara tatu."

Karani angeweza kukaa hapo. Lakini mtu aliyefunga mdomo miaka mingi kiasi kile, akishaufungua, kuufunga tena ni kazi.

"Choo cha soko nimekiahirisha kwa niaba yenu mara kumi na moja, kisha naenda nyumbani namwambia dada yangu mnakishughulikia. Dada yangu ni yule pale. Hanywi maji mchana kwa sababu hana pa kwenda, figo zimeharibika, na Ijumaa anaacha biashara. Nyinyi mnaahirisha suala. Yeye anaahirisha kunywa maji. Nimemaliza."

Akakaa. Cha ajabu, alijisikia mwepesi, kama amevua viatu vinavyobana.

"Mtu huyu afukuzwe leo leo," Mabango alisema, na kwa hasira akagonga meza. Mara mbili.

Madiwani wote wakatazama karatasi. Kule nyuma mama mmoja wa sokoni alijikaza, akajikaza, ikamshinda, akaangua kicheko, na benchi lote likamfuata. Mhudumu aliyekuwa mlangoni na birika la chai ilibidi aliweke chini. Mwenyekiti mwenyewe aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta kalamu, mabega yanatikisika.

Mabango aliutazama mkono wake kama si wa kwake, akauficha mapajani.

Mwenyekiti alipoibuka, uso bado una kicheko, alitaka kuanza kikao rasmi. Kwa desturi yake huanza kwa kukohoa. Alikumbuka karatasi. Akakizuia kikohozi, kikazidi kumtekenya, macho yakajaa machozi, akafungua chupa akanywa nusu nzima, na hatimaye akasema kwa sauti nyembamba ya mtu anayenyongwa, "Tuendelee."

Nesi mstaafu alisimama. Ni mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, aliyezalisha nusu ya mji ule, wakiwemo madiwani watatu waliokuwa mezani pale.

"Karatasi inasema nitatoa hoja ya ushuru wa mabango na choo cha soko," alisema, "na kwamba hakuna atakayeiunga mkono. Penseli inasema kutakuwa na kimya cha sekunde kumi. Haya. Hoja naitoa."

Akakaa, akakunja mikono, akatazama saa ya ukutani. Kila mtu akaitazama. Mshale ulikwenda sekunde ya kwanza, ya pili, ya tano. Wanawake wa sokoni walishikana mikono. Karani alifumba macho.

Sekunde ya nane kiti kilisogea. Alikuwa ni diwani mfuga kuku, mzee anayeamka saa tisa za usiku kulisha kuku wake na kwa hiyo hajawahi kukiona kikao kikiisha. Jina lake kwenye muhtasari lilikuwa na neno moja tu la penseli: asinzia.

"Mimi silali," alisema, ameumia kweli. "Mimi nafikiri nikiwa nimefumba macho. Watu wanidhanie nalala miaka yote hiyo, kumbe nafikiri. Naunga mkono hoja."

Basi hapo ngoma ikaanza. Aliyefuata alikuwa Mwalimu, diwani mrefu mwenye suti ya rangi ya udongo, ambaye kila mwaka hueleza historia ya soko tangu babu yake alipochimbia nguzo ya kwanza. Alisimama na karatasi mkononi.

"Kwangu hapa imeandikwa, 'Ataeleza historia ya soko, dakika ishirini.' Sawa. Na penseli inasema, 'Hapa niende chooni.'" Alimtazama karani kwa huzuni ya mwalimu aliyekuta darasa limetoroka. "Ina maana wewe hujawahi kuisikia historia ya soko?"

"Naisikia mwanzo, Mwalimu," karani alisema, akitamani ardhi ipasuke. "Mpaka kwenye nguzo."

"Na choo chenyewe alichokuwa akienda kina vigae," dada alisema kutoka nyuma, kwa mtu yeyote anayetaka kusikia.

Mwalimu alikunja karatasi. Ilionekana wazi historia nzima imemjaa kifuani, na kuirudisha chini kulimgharimu. "Leo siisemi," alisema. "Naunga mkono." Akakaa, na watu walimpigia makofi kuliko mwaka wowote aliowahi kuisema.

Alibaki Mabango. Macho yote yalikuwa kwake, na karatasi ilikuwa mbele yake, inasema wazi atapinga. Ni mtu asiyependa kupangiwa, hata na mke wake. Ukimwambia kula, anasusa. Ukimwambia susa, anakula na sahani anaomba iongezwe.

"Nani kawaambia mimi napinga?" alisema. "Karani ndiye aliyenituma nipinge? Mimi sina muhtasari wa kuandikiwa na mtu. Ila," na hapo biashara ikarudi mwilini mwake, "tusikurupuke. Mabango madogo ya fundi viatu na msusi yasitozwe. Sisi wakubwa tupewe miezi mitatu ya kujipanga. Na hilo la kwenye lango la ofisi..."

"Hilo utalipia mara mbili," nesi alisema.

"Mara moja na nusu."

Hapo sasa mjadala wa kweli ukaanza, wa kukatizana na kunyoosheana vidole, na ndipo karani alipogundua kitu cha kutisha: ilibidi aandike. Hakuwa na cha kufuatisha kwa kidole. Alinyakua karatasi nyeupe, akainama, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, wino ukamrukia mkononi, mambo yanampita. "Samahani, Mheshimiwa, rudia hapo." "Samahani, ni nani kasema robo?" Alikuwa amesahau kusikiliza. Miaka kumi na saba amekaa nao na hakujua kwamba mfuga kuku ana akili ya hesabu kali kuliko wote, wala kwamba nesi akibanwa hutania. Alijiona mjinga, na alifurahi kuliko siku ya harusi yake.

Saa saba na robo, muda ambao karatasi ilisema kikao kimefungwa, bado walikuwa wanabishana juu ya bomba la maji. Saa nane Mwenyekiti aliita kura. Mikono minane ilipanda. Mabango aliinua wake nusu, usawa wa sikio, kama anayejikuna, na karani akauhesabu mzima. Aliandika, "Uamuzi: imekubaliwa." Neno hilo hakuwahi kuliweka jirani na choo. Alilitazama likikauka, akapiga mstari chini yake, akageuka kumtafuta dada. Dada alikuwa ameficha uso kwenye aproni.

"Mpaka kijengwe ni miezi sita," nesi aliongeza, kabla watu hawajanyanyuka. "Napendekeza kwa sasa watu wa sokoni watumie choo chetu hiki. Kiko ng'ambo ya barabara tu. Ufunguo ukae meza ya nne."

Hiyo nayo ikapita, kwa sababu watu walikuwa na njaa.

Mwenyekiti alikusanya karatasi zake. "Limebaki suala la karani. Baraza limedanganywa miaka kumi na saba. Hili ni jambo zito." Alimtazama karani kwa muda mrefu, na mwisho, kwa kuwa mjadala umekwisha na hakuna wa kumzuia, akakohoa mara mbili, kikohozi kizuri cha kushiba. "Kwa uzito wake, liahirishwe hadi kikao kijacho. Andika."

Karani aliandika kwa mwandiko wake bora kuliko wote. Alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu, na baraza lile linaweza kuahirisha jambo kwa kumi na moja.

Ijumaa ilifika na dada hakukabidhi meza kwa mtu yeyote. Alitundika ufunguo wenye ubao kwenye msumari juu ya mizani yake, akaweka mtungi wa maji kando ya vitunguu, na kwa miezi sita ofisi nzima ya baraza iliishi kwa hisani yake. Mwenyekiti mwenyewe alionekana zaidi ya mara moja akivuka barabara kwa hatua fupifupi, kusimama mbele ya meza ya nne, na kuulizwa kwanza kama ameshakula.

Siku ya kufungua choo kipya, soko lilijaa. Palikuwa na utepe mwekundu mlangoni, mabomba manne ya maji, vigae vyeupe kama vya waheshimiwa, na Mabango amevaa koti jipya, anawaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake. Karani alikaa kwenye kiti cha plastiki, daftari magotini, ukurasa mtupu kabisa mbele yake. Mwenyekiti alimkaribisha Mwalimu aseme machache kabla ya utepe kukatwa.

Mwalimu alikuwa amesubiri miezi sita. Alianza na babu yake na ile nguzo ya kwanza, na safari hii karani alisikiliza, na ukweli usemwe, historia yenyewe ilikuwa tamu. Walikuwa wamefika kwenye nguzo ya tatu pale mtu alipojipenyeza katikati ya watu, anatembea amebana magoti. Alikuwa dada. Tangu alfajiri alikuwa ameshakunywa glasi sita, na hakuwa na pa kwenda, kwa sababu ufunguo wa waheshimiwa aliurudisha jana yake, na tangazo lilisema mlango mpya unafunguliwa saa nne kamili.

"Mwalimu, shikamoo," alisema. "Historia nzuri sana, wala usiikatishe, nitaimalizia nikitoka. Lakini mimi nina shida."

Akapita chini ya utepe, utepe ukamkwama kwenye kilemba, ukakatika, akaingia nao ndani na kufunga mlango. Soko zima lililipuka kwa vicheko na vigelegele. Mwenyekiti alibaki na mkasi mkononi. Mwalimu alisubiri kelele zipungue, akasema, "Nguzo ya nne," na akaendelea.

Karani alivua miwani, akafuta macho, akaivaa tena. Kisha akatazama saa yake na kuandika: "Saa nne na dakika ishirini, choo kilifunguliwa na mwananchi." Pembeni, kwa penseli, hakuandika chochote.